Injini inagonga mlimani, ukirudisha taimingi gari linakuwa zito: la kufanya kwenye distributa ya Lucas 25D4

Swali: Nina MGB ya 1966, injini ya cc 1,798, kabureta mbili za SU. Nikiweka taimingi (wakati wa cheche kutoka) digrii 10 kabla pistoni hajafika juu, kama kitabu kinavyosema, injini inagonga, inatoa sauti ya kokoto, kila nikipanda mlima kwa gia ya nne. Nikirudisha taimingi nyuma kugonga kunaisha, lakini gari linakuwa zito, linapata joto na halitulii sailensi (linapounguruma bila kukanyagwa akseleta). Mwenye gari wa kwanza alibadilisha distributa (kifaa kinachogawa cheche kwa silinda). Nimeifungua nikaona kwenye kitako cha kemu (kipande kinachozunguka na kufungua pointi) kumegongwa namba 14. Fundi mmoja ananishauri nitoe pointi, yaani swichi inayokata umeme ili cheche itoke, nifunge kifaa cha elektroniki. Je, kitanisaidia, au nirekebishe distributa yenyewe?

Jibu:

Ndugu, jibu la swali lako umelisoma mwenyewe bila kulitambua. Liko kwenye hiyo namba 14. Kifaa cha elektroniki hakitakusaidia, kwa sababu kinachukua nafasi ya pointi tu. Vizito na springi zinazoamua cheche iwahi kiasi gani vitabaki vilevile, na gari litaendelea kugonga palepale. Cha kurekebisha ni distributa.

Taimingi si namba moja. Ile digrii 10 ya kitabu ni mwanzo wake tu. Mchanganyiko wa hewa na petroli unahitaji muda kuungua, na msukumo wake mkubwa unatakiwa umkute pistoni ameshapita kileleni kidogo, digrii 15 hivi. Injini ikizunguka mara 1,000 kwa dakika, krenki (shafti kuu ya injini) inakwenda digrii 6 katika kila milisekunde. Kwa mizunguko 3,000 inakwenda digrii 18 katika muda huohuo. Ndiyo maana cheche hulazimika kuwahi zaidi kadiri resi (mizunguko ya injini kwa dakika) zinavyopanda, na kazi hiyo hufanywa na vizito viwili vilivyo chini ya sahani ya pointi. Vinafunguka kwa nguvu ya mzunguko, vinasukuma kemu mbele, springi zinavizuia visifunguke mapema, na mwisho kuna kizuizi kinachosema basi.

Namba iliyogongwa kwenye kitako cha kemu ndiyo kikomo cha kizuizi hicho, kwa digrii za distributa. Distributa huzunguka nusu ya mwendo wa krenki, kwa hiyo 14 ya distributa ni digrii 28 za krenki. Jumlisha na 10 ulizoweka, unapata 38. Injini hii, ikiwa na mgandamizo wake wa kawaida wa 8.8 kwa 1, inataka kama digrii 32 kwa jumla, bila kuhesabu digrii za ziada zinazoongezwa na kikopo cha vakyumu, kinachovutwa na mvuto wa hewa kutoka kwenye kabureta. Umezidisha kwa 6, na injini inakulalamikia. Ukirudisha distributa mpaka jumla iwe 30, mwanzo unabaki digrii 2 tu, na hapo ndipo uzito na joto vinapotokea: moto unachelewa, unaendelea kuungua huku valvu ya ekzosi inafunguka, nguvu inatoka na moshi. Huwezi kushinda kwa kugeuza distributa mbele na nyuma. Ukiponya mwisho unaua mwanzo.

Kabla hujagusa tupa, thibitisha mambo machache. Hakikisha kabureta hazijakaushwa mafuta, kwa sababu mchanganyiko mkavu unagonga hata kwa taimingi sahihi. Tazama plagi: isiwe ya aina ya moto kupita kiasi (NGK BP6ES ni ya kawaida kwa injini hii), na ukiona vichembe vya kung'aa kama unga wa fedha juu ya kauri, hiyo ni alumini ya pistoni. Ukiviona, gari lisipande mlima tena kwa nguvu mpaka kazi iishe. Halafu kamata shafti ya distributa kwa vidole uitikise kulia na kushoto. Ikiwa inacheza, bushi zimekwisha, na cheche za silinda zitatofautiana wakati, hazitatoka kwa taimingi moja. Distributa ya namna hiyo ibadilishwe bushi kwanza, la sivyo utakuwa unachonga juu ya mchanga.

Jaribu pia kikopo cha vakyumu. Chomoa mpira wake upande wa kabureta, nyonya kwa mdomo, kisha ziba kwa ulimi. Sahani ya pointi itembee na ikae hapohapo. Ikirudi, diaframu imepasuka. Kisha ziba mpira ule na upande mlima uleule. Unapokanyaga akseleta mpaka chini vakyumu inaanguka, kwa hiyo kugonga kwa kukanyaga kabisa kunatoka kwenye vizito au mwanzo. Kugonga kwa kukanyaga nusu, kukipotea baada ya kuziba, kunatoka kwenye kikopo. Kwa namba 14, nategemea kwako ni kule kwa kwanza.

Sasa pima. Alama ya puli usiiamini mpaka uihakiki. Toa plagi ya silinda ya 1, funga mahali pake kizuizi cha chuma chenye ncha butu kinachomzuia pistoni kabla hajafika juu, zungusha injini kwa mkono polepole mpaka aguse, weka alama. Zungusha upande wa pili mpaka aguse tena, weka alama ya pili. Katikati ya alama mbili hizo ndipo kilele halisi. Kisha toa kizuizi, usisahau.

Kwenye MGB za mwanzo alama zipo chini na kuziona kwa taa ni taabu, kwa hiyo tengeneza zako juu: mshale wa bati kwenye boliti ya kava ya taimingi, na mistari ya rangi nyeupe kwenye puli. Pima kipenyo cha puli, zidisha kwa 3.1416, gawa kwa 360. Puli ya mm 130, kwa mfano, inatoa mm 1.13 kwa digrii moja, kwa hiyo digrii 12 ni mm 13.6 na digrii 32 ni mm 36.3. Mistari iwe mbele ya alama ya kilele, yaani upande ambao puli inaelekea inapozunguka, ili ipite kwenye mshale kwanza.

Pasha injini moto, chomoa mpira wa vakyumu na uuzibe, shika taa ya taimingi, na mwenzako ashike akseleta. MGB ya 1966 kwa asili ina chanya kwenye bodi, kwa hiyo unganisha waya za taa kwa kufuata alama za betri yenyewe, usifuate mazoea ya kubana hasi kwenye bodi. Hilo pia ni jambo la kuangalia siku ukinunua kifaa cha elektroniki, kwa sababu cha hasi kikifungwa hapo kitaungua mara moja. Andika usomaji wa kila hatua. Kwa distributa ya namba 14 yenye springi zilizolegea, mchoro wake utafanana na huu: resi 700 digrii 10, resi 1,000 digrii 15, resi 1,500 digrii 24, resi 2,000 digrii 30, resi 3,000 digrii 36, na resi 4,000 digrii 38.

Mchoro wa kulenga ni huu: digrii 12 mpaka resi 900, kisha 18 kwenye 1,500, 22 kwenye 2,000, 26 kwenye 2,500, 30 kwenye 3,000, na 32 kwenye 3,500, isipande tena. Juu ya hapo msukosuko ndani ya silinda unaharakisha moto wenyewe, na kuzidisha digrii hakuongezi kitu isipokuwa hatari.

Kutoka 12 mpaka 32 ni digrii 20 za krenki, yaani 10 za distributa. Kizuizi chako cha 14 kipunguzwe digrii 4.

Toa distributa. Kabla ya kuitoa, weka rota (kidole kinachozunguka kupeleka cheche kwa kila silinda) ielekee silinda ya 1 na chora alama kwenye kikombe cha distributa. Kisha tazama ulimi wa kuendeshea ulio chini ya shafti: haukukaa katikati, umeegemea upande mmoja ili distributa iingie kwa namna moja tu. Piga picha inayoonyesha rota ikielekea wapi ulimi ukiwa upande gani. Kemu inaweza kurudishwa kinyume nusu mzunguko bila kukataa, na hapo cheche ya silinda ya 1 itakwenda ya 4. Watu wengi wamehangaika siku nzima na injini isiyowaka kwa sababu ya kosa hilo moja.

Toa pointi, kondensa na sahani. Chini yake utaona vizito viwili na springi mbili zisizofanana. Moja ni nyembamba na imekaza tangu mwanzo. Nyingine ni nene, na kitanzi chake ni kirefu, kinacheza kwenye kiguzo. Usidhani imelegea kwa uchakavu. Imetengenezwa hivyo makusudi, ianze kuvuta baada ya vizito kufunguka kiasi. Zitoe kwa ndoano bila kuzinyoosha, maana springi ikishanyooshwa haifai tena. Juu ya shafti, chini ya rota, kuna skrubu. Ifungue, kemu itatoka kwa kuivuta juu.

Geuza kemu kwa mkono uone kidole cha kitako chake kinagonga wapi. Kinagonga kiguzo kimoja cha springi, na hapo ndipo pa kazi. Pima kutoka katikati ya shafti hadi mahali pa kugusana. Ukipata mm 12, digrii moja ya distributa ni mm 0.21, kwa hiyo digrii 4 ni mm 0.84. Angalia udogo wake: kila mm 0.1 ni digrii moja ya krenki. Hii si kazi ya kukadiria kwa jicho.

Njia ya kudumu ni kuongeza chuma kwenye uso wa kidole kwa kuchomelea kwa fimbo ya shaba, kisha kukirudisha kwa tupa laini hadi kifike. Ongeza mm 1.5, ondoa kidogokidogo. Usichomelee kwa umeme wa nguvu, kwa kuwa joto likifika kwenye kemu ugumu wake unapotea na kisigino cha pointi kitailima. Funga kitambaa chenye maji kwenye kemu wakati wa kuchomelea. Njia rahisi zaidi ni kuvisha kiguzo kile bomba dogo la chuma lenye ukuta wa mm 0.84, lililobana vizuri na fupi kiasi cha kutogusa kitanzi cha springi. Plastiki usitumie. Inaliwa, na digrii ulizozipunguza zinarudi moja baada ya nyingine mpaka siku gari linapoanza kugonga tena.

Hakiki mezani kabla ya kurudisha. Bana shafti kwenye jiliwa yenye vipande vya alumini, rudisha kemu bila springi, funga juu yake sindano ndefu ya waya yenye ncha mm 100 kutoka katikati. Kwa urefu huo kila digrii ni mm 1.75. Geuza kemu kutoka mwanzo hadi kizuizi: ncha ikitembea mm 17.5 umepata digrii 10. Kabla ya kuchonga ingetembea mm 24.4. Kipimo hiki cha waya na rula kinakuokoa kufunga na kufungua distributa mara tano.

Hapa wengi wanaishia, na ndipo wanapokosea. Rudi kwenye mchoro wa zamani: kutoka 10 hadi 30, yaani digrii 20 zote, zilikuwa zimefika kwenye resi 2,000. Ukipunguza kizuizi bila kugusa springi, ukaanza na 12, injini itapata digrii zote 32 kwenye resi 2,000. Na 2,000 kwa gia ya nne mlimani ndipo silinda zinapojaa vizuri na pistoni anakwenda taratibu. Itagonga vilevile, na utadhani kazi yote imekuwa bure. Kizuizi kinaweka mwisho, springi zinaweka njia ya kufikia mwisho huo. Lazima vyote viwili.

Nunua seti ya springi za distributa za Lucas zenye unene tofauti. Anza na ile nyembamba. Badilisha peke yake mpaka usomaji wa resi 1,500 uwe karibu na 18, kisha shughulika na nene mpaka 2,500 na 3,000 zikae. Nenda hatua ndogo, kwa sababu nguvu ya vizito inakua kwa mraba: resi zikiongezeka mara mbili nguvu inaongezeka mara nne, kwa hiyo tofauti ndogo ya waya inaonekana sana juu. Marekebisho ya mwisho unaweza kuyafanya kwa kupinda kiguzo nje kidogo kabisa ili springi ikaze, lakini kiguzo kinachopindwa mbele na nyuma hukatika, basi pinda mara moja na uache.

Springi nyembamba isilegee mno. Vizito vikianza kufunguka chini ya resi 800, sailensi haitakaa: injini ikipungua kidogo vizito vinafunga, taimingi inarudi, injini inapungua zaidi, inazima. Watu huzungusha skrubu za kabureta wiki nzima wakati ugonjwa uko kwenye springi.

Wakati wa kufunga, safisha mashina ya vizito kwa petroli, ng'arisha kwa msasa laini, paka oili nyepesi. Kizito kilichokauka kinafunguka vizuri lakini kinachelewa kurudi, na utakiona kwa resi zinazoning'inia ukiachia akseleta. Grisi nyembamba kwenye kemu, matone 2 ya oili kwenye skrubu iliyo chini ya rota, yasizidi, kwa kuwa oili ikifika kwenye pointi inaungua na kuacha weusi.

Weka mwanya wa pointi mm 0.35 hadi 0.40 kabla ya kugusa taimingi, na usiubadilishe baada ya hapo. Mwanya ukipanuka pointi zinafunguka mapema na cheche inawahi, ukipungua inachelewa. Anayeweka taimingi kwanza na pointi baadaye ameharibu zote mbili.

Sasa rudisha distributa, washa, pasha moto, mpira wa vakyumu ukiwa umezibwa. Usianze na sailensi. Panda hadi resi 3,800, hakikisha mstari umesimama hausogei tena, ndipo ugeuze distributa hadi usome 32. Kuwahisha, geuza kikombe kinyume na mwelekeo wa rota. Rota ya injini hii inakwenda kinyume cha saa, kwa hiyo kuwahisha ni kugeuza kufuata saa. Kaza, kisha shuka hadi resi 700 usome kilichobaki. Ikiwa 12, umefaulu. Ikiwa 10, kizuizi bado kina digrii moja ya distributa ya kupunguzwa, na gari litatembea vizuri tu. Ikiwa 14, umepunguza mno kwa kiasi hicho, ondoa mm 0.2.

Nenda mlimani. Injini ikiwa na joto lake kamili, gia ya nne, kutoka resi 2,000 kanyaga mpaka chini na usikilize sauti ya kokoto ndani ya mkebe. Ukiisikia achia mara moja. Kugonga chini ya 2,500 kunaponywa kwa springi ngumu zaidi. Kugonga juu ya 3,000 kunaponywa kwa kurudisha jumla digrii 2, kisha 2 nyingine ikibidi. Usirudishe jumla kwa sababu ya kugonga kwa chini, utapoteza nguvu ya juu bila sababu.

Mwisho unganisha vakyumu. Kuna wanaoitupa wakidhani gari la kasi halihitaji. Si kweli. Ukitembea taratibu barabara tambarare, silinda zinapata hewa kidogo, mchanganyiko mwepesi unaungua polepole, na digrii za ziada za kikopo ndizo zinazookoa petroli na kupunguza joto. Kikopo chako kina namba tatu zilizogongwa. Kikisomeka 5-13-10, maana yake kinaanza kuvuta kwenye inchi 5 za zebaki, kinafika mwisho kwenye 13, na kinaongeza digrii 10 za distributa, ambazo ni 20 za krenki. Baada ya kuunganisha, endesha kwa resi 3,000 ukiwa umegusa akseleta kidogo. Gari likitikisikatikisika au ukisikia mlio mwepesi, tafuta kikopo ambacho namba ya tatu ni 7 au 8.

Kama bado unataka kifaa cha elektroniki baada ya hapo, kifunge, kina faida yake ya kuondoa mwanya unaobadilikabadilika. Chagua cha chanya kwenye bodi, na koili iwe ya omu 3 kwa mfumo wa volti 12 usio na rezista. Ukibaki na pointi mpya, zipime tena baada ya kilomita 500 hivi. Kisigino chake huisha haraka mwanzoni, mwanya unajifunga, na zile 32 zitakuwa zimeshuka digrii moja au mbili bila mtu kugusa distributa.